Bima ni ghali kwa nani? Kutoka meli ya Petersburg hadi mbuzi wa Marsabit

Mfanyabiashara aitwaye Caius yuko Petersburg. Amenunua bidhaa Amsterdam ambazo zikimfikia salama ataziuza kwa rubli 10,000. Anajua kwamba msimu huo, katika kila meli 100 zinazofunga safari hiyo, 5 hupotea. Bima hapati kwa chini ya rubli 800. Alipe, au amwachie Mungu?

Swali hili ni la Daniel Bernoulli, katika makala aliyoiandika kwa Kilatini na kuchapishwa na chuo cha sayansi cha Petersburg mwaka 1738. Lina karibu miaka 300, na bado ndilo swali la mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, anayeletewa bima ya ukame. Karibu hesabu zote zilizomo humu zinafanyika kwa simu yenye kikokotoo chenye alama ya kipeo (^), kwa hiyo zifuate namba kwa namba.

Hesabu ya kwanza inayomjia kila mtu ni ya wastani. Meli 5 katika 100 ni asilimia 5, na asilimia 5 ya rubli 10,000 ni 500. Bima inauzwa 800. Kwa wastani, basi, Caius anamwachia mwenye bima rubli 300 za bure. Ukiishia hapo, bima haimfai mtu yeyote popote duniani, kwa sababu hakuna anayeweza kuiuza kwa bei ya wastani wa hasara peke yake na biashara yake ikasimama. Ana mishahara ya kulipa, ana akiba ya kuweka kwa ajili ya mwaka mbaya. Lakini watu hukata bima, na wala si wajinga.

Jibu la Bernoulli ni kwamba inategemea Caius ana nini kingine nyumbani. Kama mali yake ya pembeni ni chini ya rubli 5,043, alipe. Ikizidi hapo, aibebe hatari mwenyewe. Na anayemuuzia bima hiyo asikubali kuibeba kama hana walau rubli 14,243. Ona kilichotokea hapo: bima ileile, kwa bei ileile, ina faida kwa mnunuzi na kwa muuzaji kwa pamoja, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Rubli moja kwa mwenye nacho na rubli moja kwa asiye nacho hazina uzito mmoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa methali hiyo imepata kanuni ya hesabu.

Kanuni yenyewe ni hii. Chukua kila tokeo linaloweza kutokea, ukilihesabu kama mali yote atakayobaki nayo mtu. Lipandishe kwenye kipeo kilicho sawa na uwezekano wake. Kisha zidisha matokeo yote pamoja. Unachopata ni kiasi cha uhakika, yaani fedha ya mkononi ambayo mtu huyo ataiona sawa na kuingia katika hatari ile. Kwa Caius mwenye rubli 1,000 tu pembeni: 11,000^0.95 × 1,000^0.05 ni takriban 9,757. Akikata bima anabaki na 10,200 bila wasiwasi wowote. Akate. Kwa Caius mwenye 50,000 pembeni: 60,000^0.95 × 50,000^0.05 ni takriban 59,455, na akikata bima anabaki na 59,200. Asikate. Chini ya kanuni hii kuna logi: Bernoulli alichukulia kwamba kila nyongeza ya mali hupimwa kwa uwiano wake na mali iliyopo, hivyo kupanda kutoka 1,000 hadi 2,000 kuna uzito sawa na kupanda kutoka 50,000 hadi 100,000.

Kilichomsukuma huko ni fumbo la binamu yake Nicolaus la mwaka 1713. Sarafu inarushwa hadi ioneshe kichwa. Ikionesha kwa mrusho wa kwanza unapata dukati 1, wa pili 2, wa tatu 4, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Wastani wa mchezo huo hauna mwisho, lakini hakuna mwenye akili zake atakayeuza nyumba ili acheze. Kwa kanuni ya logi, asiye na kitu aone mchezo huo una thamani ya dukati 2 kamili, na mwenye dukati 1,000 aone una thamani ya takriban 6.

Kuna mfano mwingine katika makala hiyohiyo ambao husahaulika, na kwangu ndio wenye manufaa zaidi. Sempronius ana dukati 4,000 nyumbani na bidhaa za dukati 8,000 ng'ambo. Meli moja katika 10 hupotea. Akipakia vyote katika meli moja, shehena hiyo kwake ina thamani ya dukati 6,751. Akiigawa nusu kwa nusu katika meli mbili, inakuwa 7,033. Wastani haukubadilika hata kidogo, ni 7,200 kwa njia zote mbili, lakini kugawa tu kumempa dukati 282 bila kumlipa mtu. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanaopeleka sehemu ya kundi fora, yaani kambi za malisho zilizo mbali na manyatta, na kuwaazima jamaa wanyama, wanafanya hesabu ya Sempronius. Kabla ya kuzungumzia bima, hakikisha kugawa kumekwisha kufanyika, kwa sababu kugawa hakuna ada.

Sasa tuje kwa mbuzi. Namba zifuatazo nimezichagua kwa ajili ya hesabu tu, si viwango vya kampuni yoyote. Familia ina mbuzi 100 na haina mali nyingine. Kila mwaka kuna uwezekano wa 1 kwa 5 wa kupoteza mbuzi 60. Wastani wa hasara ni mbuzi 12. Bima inauzwa kwa thamani ya mbuzi 15, yaani robo zaidi ya wastani, na inalipa 60 hasara ikitokea. Bila bima: 100^0.8 × 40^0.2 ni 83.3. Kwa bima, familia inabaki na 85 iwe jua iwe mvua. Inunue, na hata bei ikipanda hadi 16.7 bado isikatae. Familia yenye mali nyingine ya thamani ya mbuzi 300 inapata 400^0.8 × 340^0.2, yaani 387.2 bila bima, dhidi ya 385 kwa bima. Hiyo ikatae, na iko sahihi.

Lakini bima ya namna hii, ya kuhesabu mizoga ya kila boma, karibu haiwezekani kuuzwa kwa wafugaji wanaohamahama. Gharama ya mtathmini kufika kila manyatta ingemeza ada yote. Ndiyo sababu Januari 2010 Marsabit ilianza kuuziwa bima ya fahirisi. Hakuna anayehesabu mizoga. Setelaiti hupima ukijani wa malisho, kipimo hicho hugeuzwa kuwa fahirisi, na fahirisi ikivuka kiwango kilichowekwa, wote wenye bima katika eneo hilo hulipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, baada ya ukame mkali wa mwaka huo. Mwaka 2013 Wajir nayo ikapata bima ya namna hiyo kwa mtindo wa takaful (bima ya kuchangiana), ili Waislamu waweze kuitumia bila kuvunja sharti la dini.

Tatizo ni kwamba setelaiti haioni mbuzi. Kuna mwaka malisho yanakauka lakini kundi lako limewahi kuhama, unalipwa bila kupoteza. Kuna mwaka malisho ni ya kijani, ugonjwa unapita zizini mwako, unapoteza bila kulipwa. Hilo ndilo pengo la fahirisi, na hapa ndipo nadharia inafanya kazi ambayo macho hayawezi.

Rudi kwa familia ya mbuzi 100. Bado hasara ni 1 kwa 5, bado fahirisi inalipa mwaka 1 kwa 5, bado ada ni 15 na fidia ni 60. Ila safari hii matokeo ni manne. Hasara na malipo: uwezekano 0.15, inabaki na 85. Hasara bila malipo: 0.05, inabaki na 25. Malipo bila hasara: 0.05, inabaki na 145. Hakuna hasara wala malipo: 0.75, inabaki na 85. Zidisha: 85^0.9 × 25^0.05 × 145^0.05. Unapata 82.1. Bila bima ilikuwa 83.3. Familia ileile ambayo ingeinunua bima ya kawaida bila kusita, inatakiwa kuikataa ya fahirisi kwa bei ileile na kwa wastani uleule. Kilichoiharibu ni lile tokeo la 25. Bila bima, mwaka mbaya kuliko yote ungeiacha na mbuzi 40. Bima imeitengenezea mwaka ulio mbaya zaidi: umepoteza mbuzi na umelipa ada.

Daniel Clarke ndiye aliyeliweka jambo hili wazi kinadharia, katika makala ya mwaka 2016. Matokeo yake yanawashangaza wengi: kwa bima ya kawaida, anayeogopa hatari zaidi hununua zaidi, kwa bima ya fahirisi inayouzwa juu ya wastani, anayeogopa kupita kiasi huacha kabisa, kwa kuwa yeye humtazama yule mtu aliyebaki na 25. Maafisa wanaoandika kwenye ripoti kwamba wafugaji "hawajaelewa bima" wapitie hesabu hiyo kwanza. Kwa Marsabit yenyewe tunayo vipimo: Jensen, Barrett na Mude walionesha mwaka 2016 kwamba bima ilipunguza kwa wastani wa asilimia 63 ile sehemu ya hatari inayolikumba eneo zima, lakini mwenye bima alibaki amebeba wastani wa asilimia 69 ya hatari yake yote ya awali ya hasara kubwa. Sehemu kubwa ya hasara ilikuwa ya boma lenyewe, si ya eneo.

Je, dawa ni kuikataa? Hapana, na hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wote hukosea kwa kudhani ni ama bima yote ama hakuna. Jaribu nusu: ada 7.5, fidia 30. Matokeo yanakuwa 62.5, 32.5, 122.5 na 92.5. Zidisha 62.5^0.15 × 32.5^0.05 × 122.5^0.05 × 92.5^0.75 na unapata 83.9, zaidi ya 83.3. Robo ya bima inatoa 84.0. Kwa hiyo familia hiyo inafaa kukata bima ya baadhi ya mbuzi tu, kati ya robo na nusu ya hasara inayoiogopa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini hapa ni vizuri kujua nusu ya nini.

Hadi hapa tumemchukulia mtu kama anayepima mali yake yote. John von Neumann na Oskar Morgenstern waliijenga njia hii upya mwaka 1944 juu ya masharti machache ya uteuzi, na ikawa nguzo ya uchumi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuja mwaka 1979 na kusema kwamba watu hawapimi mali, hupima mabadiliko, kuanzia mahali waliposimama. Hasara ina uchungu kuliko utamu wa faida iliyo sawa nayo. Katika vipimo vyao vya mwaka 1992, mara 2.25. Na uwezekano mdogo huhisiwa kuwa mkubwa kuliko ulivyo.

Watu wengi husema uchungu wa hasara ndio unaowafanya watu wakate bima. Si kweli, na kosa hili limeenea hata kwenye vitabu. Ukilinganisha kulipa ada na kubeba hatari, pande zote mbili ni hasara, kwa hiyo ile 2.25 iko kushoto na kulia na inajifuta. Kinachoamua ni mambo mawili mengine: hasara kubwa haiumi kwa uwiano wa ukubwa wake (kipeo chao ni 0.88), na uwezekano hupindishwa. Kwa vipimo vyao, uwezekano wa asilimia 5 wa hasara huhisiwa kama wa 11, na wa asilimia 20 kama wa 26.

Mpeleke Caius kwenye kanuni hiyo. Ada: 800^0.88 ni 359. Kupotea kwa meli: 10,000^0.88 ni 3,311, mara 0.1114 ni takriban 369. Ada inauma kidogo kuliko hatari, atakata bima. Sasa mbuzi, tena kwa bima nzuri isiyo na pengo: 15^0.88 ni 10.8. Hatari: 60^0.88 ni 36.7, mara 0.257 ni 9.4. Ada inauma zaidi, atakataa. Caius anaikubali bima iliyozidi wastani kwa asilimia 60, na mfugaji anaikataa iliyozidi kwa asilimia 25, kwa sababu ajali ya meli ni nadra na ukame si nadra. Hili lina maana kubwa kwa anayeunda bima: ikilipa mara kwa mara itaonekana ghali hata ikiwa nafuu. Ukame wa mara kwa mara uachiwe akiba na fora. Bima ibebe ule wa miaka mingi mara moja.

Jambo jingine ambalo bima ya fahirisi hujikwaa nalo ni lile ambalo Maurice Allais alilionesha mwaka 1953: uhakika kamili una bei yake ya pekee. Asilimia 1 ya mashaka inayouondoa uhakika huuma kuliko asilimia 1 inayopungua katikati ya mashaka mengine. Mwaka 1997 Wakker, Thaler na Tversky waliwauliza watu wangetaka punguzo gani kwenye bima ambayo ina uwezekano wa asilimia 1 wa kutolipa. Hesabu ya kawaida inasema punguzo la kama asilimia 1 linatosha. Watu walitaka zaidi ya 20. Katika mfano wetu, bima ya fahirisi inashindwa kulipa hasara moja katika kila nne. Ongeza kwamba mfugaji hata hajui kama ni moja kwa nne au moja kwa kumi, na Daniel Ellsberg alionesha mwaka 1961 kwamba uwezekano usiojulikana huogopwa kuliko unaojulikana.

Kuna kitu ambacho nadharia hizi zote hukipita haraka mno, nacho ni wakati. Ada hulipwa leo, fidia huja baadaye, na leo ndiyo siku ya mfuko mtupu. Lorenzo Casaburi na Jack Willis walilijaribu hili kwa wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2018. Bima ileile ya mavuno iliyotakiwa kulipiwa mapema ilichukuliwa na asilimia 5 ya wakulima. Ada ilipokatwa kwenye malipo ya miwa wakati wa kuvuna, ilichukuliwa na asilimia 72. Kupunguza bei ya kulipa mapema kwa asilimia 30 hakukubadili kitu cha maana. Njia hiyo inahitaji mnunuzi mmoja wa mazao ambaye anaweza kukata ada kabla ya kumlipa mkulima. Pasipo na kiwanda cha namna hiyo, mkulima anaweza kuuza pembeni na ada isilipwe. Kwa mbuzi ni vigumu zaidi, ila palipo na chama cha ushirika kinachonunua maziwa au mifugo, mlango upo.

Ukitaka kuifanya hesabu hii kwa mtu halisi, makosa hutokea kwenye namba zinazoingizwa kuliko kwenye kuzidisha. Watu hukumbuka ukame wa juzi na kuandika 1 kwa 2. Hesabu miaka 20 na mzee wa eneo, mwaka kwa mwaka, kisha hesabu ya ukame ilikuwa mingapi. Watu huingiza kundi na kusahau mshahara wa mtoto aliye Nairobi, na mali ya pembeni ndiyo iliyobadilisha jibu la Caius. Kwa hatari ndogondogo, kama kioo cha simu, achana na vipeo, tumia wastani tu: Matthew Rabin alionesha mwaka 2000 kwamba anayekataa, akiwa na mali yoyote, kurusha sarafu ya kupata dola 110 au kupoteza 100, kwa kanuni ya manufaa tarajiwa (ndiyo hii ya Bernoulli na von Neumann) angelazimika kukataa ile ya kupoteza 1,000 hata ushindi uwe mkubwa kiasi gani. Hakuna mtu wa namna hiyo.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau sakafu. Familia ya mbuzi 100 haiwezi kuishi kwa mbuzi wawili. Kuna idadi ambayo chini yake watoto hawanywi maziwa. Toa idadi hiyo kwenye kila tokeo kabla ya kupandisha kipeo, kisha irudishe mwishoni. Sakafu ikiwa 20, kutokuwa na bima kunatoa 80.6, bima kamili ya fahirisi 79.1, na nusu 82.4: faida ya nusu juu ya kutokuwa na bima imeongezeka zaidi ya mara mbili. Sakafu ikiwa 30, tokeo la 25 linakuwa hasi 5, na kikokotoo kitakataa kulipandisha kwenye kipeo cha 0.05. Kitaandika kosa. Usihangaike kulirekebisha, maana hilo ndilo jibu: kwa bei hiyo na pengo hilo, bima kamili inaweza kuishusha familia chini ya sakafu katika mwaka ambao imeshapoteza mbuzi 60. Nusu ya bima bado inaiacha na 32.5.